Ufunguo wa Chumba cha Kobalti

8 Machi 1993

Kaka yangu,

Barua hii ikukute u mzima, na nguzo za daraja lako zikiwa zimesimama wima. Huku hatujambo. Wifi naye hajambo kwa kiasi chake: asubuhi ana nguvu, jioni anachoka kama mtu aliyelima shamba zima, na hapo katikati anasahihisha madaftari ya watoto wa jirani yangu, maana hawezi kuona hesabu iliyokosewa akanyamaza. Amehamisha vyombo vyangu vyote jikoni. Sasa mimi ndiye mgeni. Jana nilitafuta chumvi mpaka nikakata tamaa nikala hivyo hivyo.

Amekwisha kupata dozi sita za mionzi kati ya ishirini na tano. Ngozi ya kifuani imeanza kuwasha, kama tulivyomwonya, naye anaipepea kwa gazeti. Kidonda cha upasuaji kimefunga vizuri.

Uliniuliza mashine yetu inafanyaje kazi, nikueleze fundi kwa fundi. Ndani ya kichwa cha mashine, kilichojazwa madini ya risasi, kuna kipande cha kobalti kidogo kuliko kizibo cha chupa. Hicho hakizimwi, kaka. Taa unazima, injini unazima. Kobalti inatoa mionzi mchana na usiku, uwe kazini au uwe umelala. Tunachoweza ni kuificha na kuitoa. Upepo wa kompresa unakisukuma hicho kipande hadi kwenye tundu, mionzi inamshukia mgonjwa dakika mbili hivi, kisha kinarudi kwenye ganda lake la risasi. Kazi yote ni kwenda na kurudi.

Tangu Januari kurudi kumekuwa kuzito. Taa nyekundu inachelewa kugeuka kijani, sekunde moja, siku nyingine mbili. Nimeandika kwenye daftari la mashine mara saba. Fundi wa hospitali alikuja akamwaga maji yaliyotuama kwenye kompresa, akaondoka. Kampuni iliyotuuzia tumeiandikia. Bado kimya.

Kwa hiyo kila Ijumaa mchana, wagonjwa wakiisha, nawafanyisha wenzangu mazoezi. Mmoja analala mezani, mwingine anapiga kengele, tunamtoa. Wananichoka. Mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka chumba cha eksirei aliniambia juzi, "Dada, mashine hii ina miaka kumi na minne, haijawahi kukwama."

Nikamjibu, "Ndiyo maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtoa mtu."

Wamenipa jina, Mama Subiri, kwa kuwa wakitaka kuondoka nawaambia subiri. Wanadhani sisikii.

Msalimie mama, na watoto uwaambie mama yao anawawaza kuliko anavyosema.

Mdogo wako


20 Machi 1993

Kwako Mama Subiri,

Nimecheka mpaka mpishi wa kambi akaja kuuliza kuna nini. Wewe tuliyekuita Kiherehere, uliyevunjika mkono kwa kutaka kuwa wa kwanza juu ya tangi la maji, leo watu wanakuita Subiri. Dunia ina mambo.

Huku mvua zimeanza. Nguzo mbili zimekwisha, ya tatu iko katikati ya mto na inanipa kazi. Lori la posta linafika mara moja kwa wiki likijisikia. Mama analalamika goti, lakini ulimi wake ni mzima kabisa. Mkubwa wangu amekuwa wa nne darasani, mdogo ameng'oka jino akalizika nyuma ya nyumba. Kwa nini, hasemi.

Nasi tuna mashine yetu inayodeka. Kamba ya chuma ya winchi imeanza kutoa nyuzi. Tumeipaka grisi, na mpya nimeagiza. Msimamizi wa wafunga nondo ananung'unika, lakini nikisimamisha winchi nasimamisha daraja, na mto hauningojei. Ajali haina kinga.

Kwa hiyo nakuelewa. Ila nawe unielewe. Huyo anayelala kwenye meza yako ni mama wa wanangu. Mashine ikisumbua, ibembelezeni hivyo hivyo mpaka amalize dozi zake. Zikifika ishirini na tano, ikitaka hata ilipuke.

Natania. Lakini si sana.

Kaka yako


29 Machi 1993

Kaka,

Barua yako imefika leo mchana. Wote ni wazima. Naanza na hilo ili usipitishe macho haraka haraka ukitafuta nani kapatwa na nini. Wifi ni mzima, mimi ni mzima. Mwambie mama ile dawa ya goti ni ya kupaka. Wifi ameniambia anachovya kidole humo na kuionja.

Barua hii nimeianza mara tatu tangu wiki mbili zilizopita. Ulipokuwa unaniandikia yako, mambo yalikuwa yamekwisha kutokea.

Jumanne tarehe 16, saa nne asubuhi, mashine ilikwama.

Mezani alikuwepo mzee mmoja fundi viatu, mgonjwa wa saratani ya koo. Wagonjwa wa koo tunawavika kinyago cha plastiki kilichochongwa kwa sura yao wenyewe, kikabanwa mezani kwa vifungo vinne, ili kichwa kisisogee hata unywele. Muda wake ulikwisha, mashine ikalia, kobalti haikurudi. Taa ikabaki nyekundu. Kitufe cha dharura kilibonyezwa, hakikufaa kitu: kitufe kinakata umeme, hakiwezi kung'oa kilichokwama. Mgonjwa anayeweza kushuka mwenyewe tunamwambia kwa spika ashuke atoke. Huyu alikuwa amefungwa, na tena masikio yake ni mazito.

Mtumishi mmoja aliingia akamtoa. Tangu muda kuisha hadi mzee kuvuka mlango zilipita sekunde thelathini na nane. Chumba kikafungwa, tangazo likabandikwa, watu wakaondolewa karibu, akaitwa mwanafizikia wetu. Yeye ndiye aliyekuja na vipimo vyake na fimbo ndefu ya chuma iliyowekwa kwa kazi hiyo, akaisukuma kobalti ndani ya ganda. Mzee alizidishiwa kama sehemu moja ya nane ya dozi ya siku moja, na daktari ameipunguza kwenye zilizobaki. Hakuna aliyeumia.

Sasa ndilo linalokuhusu.

Kesho yake waliijaribu mashine chumba kikiwa kitupu. Ilikwenda na kurudi mara arobaini bila kosa. Mganga mkuu akaniita.

"Nasikia mashine imepona."

"Imekubali kurudi, bwana mkubwa. Kilichoikwamisha jana hatujakiona."

"Mara arobaini."

"Kabla ya jana ilirudi kwa miaka kumi na minne."

Akachungulia dirishani. Nje walikuwa wamekaa watu wetu, wengine na mabegi, wametoka mbali. Akaniuliza kama najua ni wangapi. Nikamwambia thelathini na mmoja wamo katikati ya matibabu, na mmoja wao analala nyumbani kwangu. Akasema basi nimpe ufunguo wa mashine, atamtafuta mwingine wa kuiendesha. Nikamwambia sheria ya kazi yetu inasema ufunguo unakaa kwangu mpaka mwanafizikia atie sahihi kwamba mashine ni salama, na mwanafizikia yuko upande wangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Wakifa wakisubiri, watakufa mikononi mwako."

Maneno hayo nakwenda nayo na kurudi nayo, kaka. Ufunguo nao nimeuvaa shingoni kwa uzi. Wifi anasema naoga nao.

Hospitali nyingine yenye mashine iko mwendo wa siku nzima kwa basi. Imekubali kutupokelea wagonjwa sita. Daktari alipanga orodha kwa ugonjwa: wa koo na wa shingo ya kizazi mbele, kwa sababu dozi zao zikikatika uvimbe unapata nguvu upya. Wifi uvimbe wake umekwisha kutolewa kwa kisu; yeye anaweza kungoja kidogo kuliko wao. Alikuwa wa tisa. Alikuwa amepata dozi kumi na mbili.

Sikumwomba daktari ampandishe.

Mdogo wako


10 Aprili 1993

Dada,

Watoto wazima. Mama mzima.

Barua yako niliisoma kwenye kelele za mashine ya kuchanganyia saruji, kisha nikaisoma tena kwenye utulivu, nikaona heri ya kelele.

Mimi si daktari. Lakini kitu kilichofanya kazi mara arobaini, kwetu sisi mafundi kinaitwa kizima. Mke wangu amekatishwa dozi katikati na hujaniambia atangoja mpaka lini. Ulikuwa na ufunguo shingoni, na daktari ulikuwa naye chumba kimoja. Vyote viwili hukuvitumia kwa ajili yetu.

Huyo mtumishi aliyeingia kumtoa mzee, mfikishie shukrani zangu. Angalau yeye alifanya jambo.

Kaka yako


19 Aprili 1993

Kaka,

Salamu kwako na kwa wote walioko kambini. Sisi wazima.

Shukrani zako nimemfikishia huyo mtumishi. Amezipokea.

Fundi wa kampuni ameshuka leo na masanduku mawili. Ameanza kufungua kichwa cha mashine mchana huu, mwanafizikia amesimama pembeni yake na kipimo. Sijui itachukua siku ngapi, na sitakudanganya kwa kukutajia.

Wifi anakula. Uzito haujapungua. Daktari amempima Ijumaa, hakuona kitu kipya.

Mdogo wako


28 Aprili 1993

Dada yangu,

Shikamoo naitoa mimi leo, ingawa mkubwa ni mimi. Goti la mama limepungua. Anatembea hadi kwa jirani na kurudi mara nne kwa siku. Yeye anasema ni mazoezi, mimi najua ni umbea. Watoto wanakuulizia.

Juzi Jumatatu lori lilileta barua mbili kutoka nyumba moja. Yako ya mistari michache na ya mke wangu ya kurasa nne. Lakini kwanza nikusimulie jambo la Alhamisi iliyotangulia, kwa sababu nilizisoma nikiwa tayari nimenywea.

Ile kamba ya winchi ilikatika. Ilikuwa imebeba boriti ya tani mbili, ikaiachia juu ya jukwaa ambapo watu kumi na mmoja hukaa kufunga nondo. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Watu walikuwa wamekwisha kushuka kwenda kula, wametangulia kengele kwa sababu mvua ilikuwa inatisha. Jukwaa lilibaki kama kiberiti kilichokanyagwa. Nilisimama pale na kalamu yangu sikioni. Mmoja mmoja wakaja kunipa pole, "Ajali haina kinga, mzee." Maneno yangu mwenyewe. Msimamizi wa wafunga nondo, aliyeniambia mara tatu habari ya kamba ile, alivaa kofia yake. Akanitazama, akaenda kuhesabu watu wake. Alihesabu mara mbili. Afadhali angenitukana.

Siku nne nilikuwa silali vizuri, ndipo barua zikafika. Sasa nakunukulia ya mke wangu, kwa sababu najua hukuisoma:

"Barua uliyomwandikia dada yako aliiacha mezani, nami nimeisoma, na sioni haya. Umemwandikia mtu usiyemjua. Siku ile nilikuwa kwenye benchi. Mimi ndiye niliyekuwa nifuate baada ya yule mzee. Kengele ilipolia benchi zima lilisimama. Dada yako hakukimbia. Alibonyeza kitufe, akatazama taa, akashika kifua kuhakikisha beji yake ya kupimia mionzi ipo, akamwambia yule mama wa eksirei, 'Hesabu kwa sauti.' Akaingia. Yule mama akaanza, moja, mbili, nami kwenye benchi nikahesabu naye. Nimefundisha watoto kuhesabu miaka kumi na tisa. Sikujua namba zinaweza kuwa ndefu vile. Kwenye thelathini na moja wakatokea, mzee mbele, dada yako nyuma yake ameweka mwili wake kati ya mzee na kile chumba. Akafunga mlango, akaandika saa kwenye karatasi. Ndipo akakaa chini.

"Huyo ndiye mtumishi mmoja uliyemtumia shukrani.

"Na mengine hajakuambia. Beji yake ilipelekwa maabara mbali kusomwa, na mpaka majibu yarudi haruhusiwi kukaribia mionzi. Wiki ya tano hii anapanga mafaili, na ufunguo shingoni. Wagonjwa wengine wanampita bila kumsalimu. Mganga mkuu hamtazami. Orodha ya wale sita ilipotoka, alikuja akakaa sakafuni mbele yangu akaniambia mimi ni wa tisa. Nikamuuliza, je, ningeweza kuwa wa sita? Akasema, 'Ungeweza, na ningemjua kwa sura niliyemwondoa.' Nikamwambia aniwekee maji ya chai. Hatukulizungumza tena. Mimi niliyekatishwa dozi sijamkasirikia. Wewe unakasirika kwa niaba ya nani?"

Mwisho wa kunukuu. Hapo hakuniwekea hata neno 'mkeo', ametia sahihi tu kama anavyotia kwenye ripoti za wanafunzi.

Dada, mimi niliokolewa na saa ya chakula. Yule fundi viatu aliokolewa na wewe. Nimejaribu kuyapanga mambo hayo mawili yakae sawa, hayakai. Tena wewe ulikuwa umeandika kwenye daftari mara saba. Mimi nilikuwa nimepaka grisi. Nilipokuandikia kwamba kinachofanya kazi mara arobaini ni kizima, kamba yangu ilikuwa inafanya kazi mara mia kwa siku.

Nimesimamisha winchi zote. Mkandarasi amenipigia kwenye redio mara tano, anauliza nani atalipia siku zinazopotea. Nikamwambia aandike jina langu. Jana niliwakusanya watu wote, nikamwita yule msimamizi wa nondo mbele yao, nikasema aliniambia na sikumsikia, na kuanzia sasa yeye akisema simama, winchi inasimama, hata mimi nikiwa nimesema endelea. Wakapiga makofi. Makofi yale hayakuwa yangu, nikayaacha yapite.

Nisamehe. Nilikuandikia maneno ya mtu aliyekaa mbali. Nilidhani dada yangu ana moyo wa chuma, kumbe ndio moyo wenyewe.

Nina ombi moja. Uniambie kilichotokea mle ndani, wewe mwenyewe, si kwa mdomo wa mtu mwingine. Mama hatajua. Na uniambie majibu ya beji, hata yakiwa mabaya.

Kaka yako


7 Mei 1993

Kaka yangu mpenzi,

Barua yako imefika jana, na nimemsomea wifi mahali panapomhusu. Alitikisa kichwa, akasema, "Nukta moja imekosewa, lakini amefaulu." Halafu akaenda chumbani akakaa huko kidogo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Nianze na habari njema. Beji imerudi tarehe 27. Mionzi niliyoipata mle ndani ni pungufu ya ile ninayoruhusiwa kupata kwa mwezi mmoja wa kazi ya kawaida. Karatasi nimeibandika ukutani pale tunapopumzikia, si kwa kujisifu. Nataka wenzangu waone kwamba ukijua pa kupita na ukawa na haraka ya kupangwa, unatoka salama.

Ya pili: ubaya ulikuwa kwenye mpira. Kuna pete ya mpira kwenye pistoni inayosukuma kobalti, ukubwa wake kama sarafu. Maji ya kompresa yaliingia, pete ikavimba, ikawa inashika siku inapotaka na kuachia siku inapotaka. Fundi wa kampuni aliiweka kiganjani mwa mganga mkuu. Akaigeuza geuza, akamuuliza, "Ingeshika tena?"

Fundi akasema, "Ingeshika. Sijui ingekuwa wiki hiyo au mwezi huo. Na imechanika hapa upande, pengine safari hiyo hata fimbo isingefua dafu."

Mganga mkuu aliniita ofisini. Nilidhani anataka kunisema. Alisimama, kaka, mtu mzima yule, akasema, "Nilikuambia neno baya. Nalirudisha." Akaagiza kila ninachoandika kwenye daftari la mashine kifike mezani kwake siku hiyo hiyo. Nimemheshimu. Si wengi wenye kiti kile wanaoweza kusimama.

Tumeanza tena Jumatatu tarehe 26 Aprili, baada ya mwanafizikia kutia sahihi. Wifi, daktari amemwongezea dozi tano kufidia siku zilizokatika, kwa hiyo zilibaki kumi na nane tulipoanza, na leo amepata ya kumi. Siwezi kukuahidi kwamba kule kukatika hakutaleta neno mbeleni. Daktari naye haahidi. Anasema dalili ni nzuri, nami nazisoma hivyo hivyo. Kati ya wale thelathini na mmoja, wawili wamefariki kabla hatujafungua. Wote wawili hali zao zilikuwa nzito tangu mwanzo, na daktari ameniambia mashine isingewaokoa. Nilikwenda kwenye misiba yote miwili. Kwa mmoja nilikaribishwa, kwa mwingine sikukaribishwa, nikakaa nje na wanaochota maji mpaka mwisho.

Sasa uliloniuliza.

Taa ilipobaki nyekundu nilijua. Hakuna cha kufikiri hapo, umefikiri Ijumaa zote. Njia ya kuingilia imepinda ili mionzi isitoke nje. Ukiifuata umebana ukuta wa kulia, mionzi haikuoni mpaka hatua tatu za mwisho. Kipimo cha mkononi kilikuwa kinalia mfululizo, kama mtu anayekaanga kitu. Mwanga mle ndani ni ule ule wa kila siku. Hicho ndicho kinachotisha ukikifikiria baadaye: hakuna moto, hakuna moshi, chumba kimetulia, feni inazunguka.

Mzee alikuwa amelala na kinyago chake, mikono tumboni, ametulia kabisa. Hakujua lolote.

Mikono yangu ilitaka vifungo. Kila mtu mikono yake itataka vifungo, kwa sababu unaona mtu amefungwa unataka kumfungua. Lakini vifungo viko pale pale mionzi inapoanguka; ukivianza, yeye anaendelea kupigwa na wewe unaingiza mikono yako chini ya tundu la mionzi. Kwa hiyo unavuta meza kwanza. Kuna mkono wa chuma upande wa miguu, unaunyanyua, meza yote inateleza kuelekea kwako na mtu juu yake. Ikitoka kwenye mionzi ndipo unafungua. Hilo nimewaambia wenzangu mara mia, na siku ile nililisema kwa sauti, peke yangu mle ndani: "Meza kwanza." Nje walinisikia wakadhani naongea na mzee.

Meza ikaja. Kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilikuwa na jasho, kikateleza kidoleni. Nikasikia nje mama wa eksirei yuko kwenye kumi na tisa. Sauti yake ilinifaa sana, kaka. Ilinionyesha kwamba muda uko nje na mtu anaushika, mimi nishike kifungo tu. Kikafunguka. Nikamketisha mzee, nikamwegemeza begani, nikamgeuza mbele yangu tukatoka.

Nje alikaa kwenye kiti, akavaa viatu vyake polepole, amevishona mwenyewe. Akaniuliza kwa ile sauti ya watu wenye masikio mazito, "Leo mbona mapema?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Mle ndani sikupata nafasi. Niliogopa mbele ya swali la mzee, kwa sababu ningeweza kumwambia ndiyo baba, leo mapema, nenda nyumbani, na watu kwenye benchi wangeshukuru tusitie hofu. Daktari alikuwa bado hajafika. Nikapiga magoti ili aone mdomo wangu, nikamwambia mashine imekwama, umepata mionzi zaidi ya ile ya leo, kidogo, daktari anakuja kukupigia hesabu, na mimi nitakaa nawe mpaka afike.

Akauliza, "Na wewe ulikuwa humo?"

"Nilikuwemo."

"Basi kaa," akasema, akanisogezea nafasi kwenye kile kiti kidogo. Tukakaa wawili, mmoja nusu huku, mmoja nusu kule, mpaka daktari akaja.

Alikuwa wa kwanza kwenye ile orodha ya sita. Amemaliza dozi zake kule wiki iliyopita, anameza uji mwenyewe.

Sikukuambia haya kwa sababu ungemwambia mama, na kwa sababu nyingine ambayo sasa naona haina maana. Nilitaka uniunge mkono kuhusu ufunguo kwa kuwa ufunguo ulikuwa sahihi, si kwa kunionea huruma. Nilikuwa na kiburi. Hicho nacho ni cha ukoo, usijifanye hukijui.

Wifi anamaliza Jumatano tarehe 19 Mei, dozi ya saa tano asubuhi. Mimi nimerudi kwenye kazi yangu, kwa hiyo nitakayemlaza mezani na kumwinua ni mimi. Njoo umchukue mwenyewe, usitume mtu. Winchi zimesimama, huna kisingizio. Utakaa kwenye lile benchi na wengine. Ukiniona natoka usisimame wala usinisifu mbele za watu, maana baada yake kuna wagonjwa kumi na wanane. Msogezee tu mke wako nafasi, avae viatu.

Mdogo wako